Mikono inavimba, tumbo linawaka: majibu kwa wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali za Bukavu na vijiji vya jirani. Karibu zote zinaeleza shida mbili kwa pumzi moja: viungo vinauma, na tumbo halitulii. Tumeziweka pamoja kwa makusudi. Mgonjwa anapeleka vidole vyake kwa daktari mmoja, tumbo analimaliza kwenye famasi ya njiani, na hao wawili hawajui mwenzao ametoa dawa gani. Katika magonjwa ambayo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe, kama rumatoidi, lupusi na mengineyo, tumbo linaweza kuumizwa na ugonjwa, na dawa za ugonjwa, au na mdudu aliyepata nafasi. Matibabu ya mojawapo yanaweza kuwa sumu kwa jingine.

Dokta, jambo. Nina miaka 58, niko Kadutu. Huu ni mwaka wa nne vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi siwezi kufunga kitenge mpaka saa nne. Hospitali walisema ni rumatoidi. Ninakunywa diklofenaki ya 50, tatu kwa siku, pamoja na dexa nyeupe ndogo za sokoni, mbili asubuhi na mbili jioni. Sasa tumbo linawaka, na tangu juzi choo ni cheusi. Jirani ananishauri nidungwe sindano ya diklofenaki badala ya vidonge ili tumbo lipumzike. Ni sawa?

Mama, choo cheusi si jambo la kungojea gazeti. Kama bado kiko hivyo unaposoma hapa, nenda hospitali leo, na usiende peke yako. Ukiona kizunguzungu unaposimama, moyo unaenda mbio, au umetapika kitu kinachofanana na unga wa kahawa, omba upelekwe kwa gari.

Kitazame vizuri. Choo cha damu iliyotoka tumboni ni cheusi kama lami, kinanata kwenye sinki hata ukimwaga maji, na harufu yake ni kali tofauti na ya kila siku. Vidonge vya madini ya chuma navyo huleta choo cheusi, lakini hicho kinaelekea kijani kibichi, kimeshikana, na harufu haibadiliki sana. Sombe nyingi (majani ya muhogo) inaweza kukifanya kiwe kijani cha giza. Ukishindwa kutofautisha, hesabu kuwa ni damu.

Sindano haitakusaidia. Wengi wanaamini kidonge kinakwangua tumbo kinapopita, kwa hiyo kikiepukwa tumbo limepona. Kidonda hakiji hasa kwa kukwanguliwa. Ukuta wa tumbo unajikinga na asidi yake kwa ute, na ute huo unategemea kemikali za mwili zinazoitwa prostaglandini. Diklofenaki inapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali hizohizo, na inafanya kazi hiyo ikiwa ndani ya damu. Ipite mdomoni, kwenye paja au kwa njia ya haja kubwa kama supo, inafika tumboni kwa damu na kuliacha bila kinga. Ibuprofeni na indometasini ni ndugu zake. Kuacha moja na kushika nyingine ni kubadilisha jina tu.

Kinachotutia hofu zaidi ni hizo dexa. Kama kila kimoja ni cha 0,5 mg, vinne vinakupa 2 mg za deksametazoni kwa siku, sawa na takriban 13 mg za prednizoloni. Hiyo si dawa ndogo, hata kama kidonge ni kidogo na bei yake ni ya karanga. Kortizoni, jamii ya dawa ambamo dexa na prednizoloni zimo, pamoja na diklofenaki huongeza hatari ya kidonda kutoa damu kuliko kila moja peke yake, na kortizoni inaweza kuficha maumivu hata kidonda kikitoboka. Lakini tafadhali, usizitupe dexa leo. Ukizitumia zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zilizo juu ya figo huzoea kukaa bila kazi. Ukikata ghafla unaweza kuzimia, presha ikashuka vibaya. Diklofenaki simamisha leo. Dexa itapunguzwa na daktari, hatua kwa hatua.

Weka kwenye mfuko mmoja kila unachokunywa: vidonge, paketi tupu, hata unga wa mizizi uliouziwa kwa ajili ya rumatizimu, kwa sababu baadhi ya unga huo umekutwa umechanganywa na deksametazoni bila mnunuzi kuambiwa. Hospitali watapima presha, mapigo ya moyo na kiwango cha damu, na ikiwezekana watafanya fibroskopi, yaani kuangalia tumbo kwa mrija wenye kamera. Omba wachunguze pia bakteria Helicobacter pylori, na uwaambie kama umeshaanza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Kipimo cha choo au cha pumzi kinaweza kudanganya mtu aliyekunywa omeprazoli ndani ya wiki mbili zilizopita, au antibiotiki ndani ya wiki nne. Bakteria huyo akiwepo, anatibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na omeprazoli, mara nyingi kwa siku 14, na kozi haikatizwi siku ya tano kwa sababu moto umetulia.

Omeprazoli inanywewa nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Ukiinywa baada ya kula imekosa wakati wake. Maziwa yanapoza kwa dakika chache, halafu tumbo linatoa asidi zaidi. Kwa maumivu, parasetamoli, vidonge viwili vya 500 mg, mara tatu kwa siku isizidi, kama ini lako ni zima.

Na hili ndilo tunataka ulishike: diklofenaki haikuwahi kutibu rumatoidi yako. Ilinyamazisha maumivu huku mifupa ya vidole ikiendelea kuliwa. Ukitoka hospitali, uliza dawa inayotuliza ugonjwa wenyewe. Mara nyingi ya kwanza ni metotreksati, na ikifanya kazi, haja ya vidonge vya maumivu inapungua yenyewe.

Mimi nina rumatoidi pia. Dada yangu aliye Ulaya anasema niache mkate na kila kitu chenye ngano. Ni lazima?

Hapana. Ugonjwa wa utumbo unaochokozwa na ngano, unaoitwa seliaki, upo na unaweza kuandamana na magonjwa mengine ya kinga, lakini si kila mwenye rumatoidi anao. Ukiharisha muda mrefu, ukakonda na kuishiwa damu bila sababu, pimwa kwanza ukiwa bado unakula mkate, kwa maana ukiuacha kabla, kipimo kinaweza kutoka safi hata kama ugonjwa upo. Fufu ya muhogo, mahindi, mchele, viazi na ndizi havina ngano.

Dokta, niandikieni haraka. Nimeandikiwa metotreksati ya 2,5 mg, vidonge sita. Kwenye boksi famasi waliandika "6, jioni". Nimemeza sita kila jioni, leo ni siku ya tatu. Kichefuchefu ni kikubwa na mdomo umeanza kuwa na vidonda. Papa wa Bagira.

Papa, tulikujibu kwa simu siku hiyohiyo. Tunachapisha barua yako kwa sababu kosa hili linaua, na halikuwa lako.

Metotreksati ya viungo inanywewa siku moja tu katika wiki. Vidonge sita vya 2,5 mg ni 15 mg, na hizo 15 ni za wiki nzima. Dawa hii inazuia chembe zinazojigawa haraka. Kwa kipimo cha wiki, inatuliza kinga iliyochachamaa. Ikimezwa kila siku, inavamia chembe nyingine zenye haraka: ngozi laini ya mdomo na utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo sababu vidonda vya mdomo na kuharisha huwa kengele ya kwanza, kabla homa na kutokwa damu havijafika. Aliyekosea asimame hapohapo na aende hospitali hata kama anajisikia mzima, apimwe chembe za damu, figo na ini. Dawa ya kuokoa ni asidi foliniki. Asidi foliki ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake katika hali hiyo, ingawa majina yanafanana.

Kwa wanaoitumia: chagua siku, tuseme Jumatano, na uiandike kwa bic kwenye boksi kwa herufi kubwa, kwa lugha ambayo kila mtu nyumbani anaisoma. Hakikisha kidonge ni cha 2,5 mg, maana viko pia vya 10 mg vinavyofanana navyo sana. Asidi foliki ya 5 mg inywewe siku nyingine, kwa mfano Alhamisi. Inapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo na kulikinga ini. Kichefuchefu kikibaki, meza metotreksati usiku baada ya kula ili usingizi ukibebe.

Bactrim, ambayo hapa kwetu inanunuliwa kwa kila kikohozi na kila tumbo, usiichanganye kamwe na metotreksati. Zote mbili zinabana njia ileile ya foliki na uboho unaweza kuzimika. Kasiksi na bia, achana nazo. Pima hepatiti B kabla ya kuanza, kisha ini na chembe za damu mara kwa mara, zaidi katika miezi ya mwanzo. Mwanamke asiianze akiwa na mimba, na anayetaka kuzaa aongee na daktari miezi kadhaa kabla.

Nina miaka 26, naishi Panzi. Mwaka sasa mgongo wa chini unaniamsha saa tisa za usiku. Nikiamka na kutembeatembea unalegea, nikikaa unakaza. Tangu miezi minane naharisha damu na kamasi, inakuja inaenda. Nimepewa Flagyl mara sita kwa ajili ya amiba. Ibuprofeni inasaidia mgongo lakini tumbo linachafuka. Je, ni magonjwa mawili?

Ndugu yetu, huenda ni mmoja wenye milango miwili. Mgongo unaoanza kabla ya miaka 45, unaouma nusu ya pili ya usiku, unaokaza asubuhi zaidi ya nusu saa na kulegea kwa mwendo badala ya kupumzika, si mgongo wa kubeba mizigo. Huo ni mgongo wa uvimbe wa kinga, jamii inayoitwa spondiloatriti. Katika jamii hiyo utumbo unahusika kuliko watu wanavyodhani: wagonjwa wakichunguzwa kwa darubini, karibu nusu yao wanakutwa na uvimbe kwenye utumbo hata kama hawalalamiki tumbo. Wachache kati yao wana ugonjwa kamili wa utumbo, Crohn au kolaiti yenye vidonda. Njia nayo inapitika kinyume: anayeanza na utumbo anaweza kufikiwa kwenye viungo baadaye.

Lakini tusiruke. Hapa kwetu damu kwenye choo ina wenyeji wengi kabla ya Crohn. Choo kichunguzwe kikiwa kibichi, ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba anayetembea hufa akipoa. Choo kilichobebwa kwenye kopo kutoka nyumbani na kupimwa mchana hakithibitishi kitu. Waombe pia watafute mayai ya bilhazia, kwa siku tatu tofauti, hasa kama umeoga ziwani au mtoni. Pima VVU. Fikiria kifua kikuu cha utumbo, ambacho kwenye kolonoskopi, yaani mrija wa kamera unaopitia njia ya haja kubwa, kinaweza kufanana na Crohn mpaka daktari mzoefu akasita. Hilo linapaswa kuamuliwa kabla ya kortizoni, kwa sababu kortizoni inatuliza Crohn na kukipa nguvu kifua kikuu.

Kozi ya saba ya Flagyl bila kipimo usiikubali. Amiba anayerudi mara sita kwa kijana aliyemaliza dawa ni amiba wa kutiliwa shaka.

Ibuprofeni inatatanisha kwako: ni dawa nzuri ya mgongo wa aina hii, na inaweza kuamsha utumbo wenye vidonda. Isimamishe mpaka utumbo ujulikane. Wakikupima kalprotektini kwenye choo, yaani protini inayoonyesha uvimbe wa utumbo, waambie siku uliyomeza ibuprofeni ya mwisho, maana dawa hiyo peke yake huipandisha, na maambukizi pia. Kipimo cha damu cha HLA-B27, alama ya kurithi inayohusishwa na ugonjwa huu, kikitoka hasi kisikuondolee swali. Alama hiyo ni nadra kwa watu wa kusini mwa Sahara, na ugonjwa huja bila hiyo. Sulfasalazini inaweza kusaidia utumbo mpana pamoja na goti au kifundo cha mguu, lakini uti wa mgongo haiusikii sana. Mazoezi ya kunyoosha mgongo kila siku ni sehemu ya dawa, si pambo.

Binti yangu wa miaka 19 aliharisha damu, akapona. Wiki mbili baadaye goti moja limevimba, jicho jekundu, mkojo unaunguza. Mama wa Nyawera.

Mama, viungo vinaweza kuvimba wiki moja hadi nne baada ya Shigella, Salmonella, Campylobacter au Yersinia. Bakteria hayuko hai ndani ya goti, ila kinga iliyomfukuza haijatulia. Mara nyingi hupoa ndani ya miezi michache. Maambukizi ya njia ya uzazi, hasa klamidia, huleta picha ileile, kwa hiyo apimwe hayo na VVU bila aibu. Jicho likiuma na mwanga ukimsumbua, aonwe na daktari wa macho haraka. Na kama ana homa kali na goti ni moto hata kuligusa hawezi, maji ya goti yatolewe na kupimwa siku hiyohiyo, kwa sababu usaha huharibu goti kwa siku chache tu.

Mimi ni mkulima wa Walungu, miaka 41, kilo 60. Nimepatikana na lupusi. Daktari anataka nianze prednizoloni 40 mg na Plaquenil, lakini kwanza amenipa ivermektini. Mimi sina minyoo, choo changu kilipimwa safi. Kwa nini?

Mama, daktari huyo anajua kazi yake, na tungependa kila anayeandika kortizoni huku kwetu afanye hivyo.

Kuna mnyoo mmoja mwembamba, Strongyloides, anayeingia kupitia ngozi ya mguu peku shambani. Minyoo mingi hufa ikizeeka. Huyu anazaliana ndani ya mtu, watoto wake wanatoboa ukuta wa utumbo na kuanza mzunguko upya, kwa hiyo mtu anaweza kukaa naye miaka makumi bila kumjua. Kinga ndiyo inamweka kifungoni. Kortizoni ikiilegeza kinga, mnyoo anafumuka kwa maelfu, anatoka kwenye utumbo kwenda mapafuni na hata kwenye ubongo, akibeba bakteria wa choo mgongoni. Hali hiyo mara nyingi inaua. Choo kilichopimwa mara moja humkosa mara nyingi, kwa sababu anatoa watoto wachache na si kila siku.

Ivermektini ni mikrogramu 200 kwa kila kilo. Kwako ni 12 mg, vidonge vinne vya 3 mg kwa mkupuo, siku moja au mbili kadiri daktari alivyoandika, na wengi hurudia baada ya wiki mbili. Albendazoli moja ya 400 mg, ile inayogawiwa kwenye kampeni, haimtoshi huyu. Onyo moja: kama umewahi kuishi kwenye misitu ya kaskazini, pande za Uele kwa mfano, mwambie daktari kabla ya kumeza. Huko kuna Loa loa, mnyoo anayeonekana akipita juu ya jicho, na akiwa mwingi kwenye damu, ivermektini inaweza kudhuru ubongo.

Ukiwa kwenye prednizoloni, kuharisha kupya, kikohozi chenye kukoroma, au mstari unaowasha na kutambaa tumboni na matakoni ni sababu ya kurudi mara moja. Vilevile maumivu makali ya tumbo na kutapika: lupusi yenyewe inaweza kuziba mishipa ya damu ya utumbo au kuvimbisha kongosho, na kortizoni inalifanya tumbo lionekane laini kwa mkono wa daktari wakati ndani kunaharibika.

Plaquenil imeze katikati ya chakula, itapunguza kichefuchefu. Kwa kilo 60 usizidishe wastani wa 300 mg kwa siku. Kwa kuwa kidonge ni cha 200, inapatikana kwa kunywa kimoja leo na viwili kesho.

Fufu inakwama kifuani, lazima niisukume kwa maji. Usiku asidi inapanda mpaka kooni. Asubuhi za baridi vidole vinakuwa vyeupe halafu bluu, na ngozi ya mikono imekaza. Msomaji wa Nguba.

Hayo matatu kwa pamoja, vidole, ngozi na umio (bomba la chakula), yanaelekeza kwenye skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi. Wengi sana wenye ugonjwa huo umio wao umeguswa: misuli ya chini inageuka kovu, haisukumi tena chakula, na mlango wa tumbo unabaki wazi.

Inua kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka matofali chini ya miguu miwili ya upande wa kichwa. Mito mingi haifai, inakukunja kiunoni na kulibana tumbo zaidi. Kula masaa matatu kabla ya kulala. Mega matonge madogo, fufu iwe laini na yenye mchuzi, sambaza (samaki wadogo) wa kukaanga wakavu watafunwe mpaka wawe uji. Omeprazoli hapa ni ya muda mrefu, wakati mwingine mara mbili kwa siku. Chakula kikizidi kukwama wiki kwa wiki, fanya fibroskopi, kwa maana umio unaweza kuwa umebanwa.

Tumbo likijaa hewa na ukaharisha huku unakonda, huenda bakteria wamejaa kwenye utumbo mwembamba usiosukuma. Hilo linatibiwa kwa antibiotiki za vipindi, na tatizo si fufu.

Kwa vidole vaa glavu kabla ya kutoka, si baada ya kuhisi baridi. Nifedipini inavifungua vidole, lakini inalegeza pia mlango wa tumbo, kwa hiyo asidi ikizidi baada ya kuianza, mwambie daktari. Usikubali dexa wala prednizoloni ya 15 mg au zaidi bila daktari anayekufuatilia: katika skleroderma kipimo hicho kinaweza kufuatwa na presha ya ghafla inayoziba figo. Pima presha kila wiki kwenye kituo cha afya kilicho karibu, uiandike kwenye daftari. Ikipanda ghafla, na hasa kichwa kikiuma au macho yakififia, nenda hospitali siku hiyohiyo na daftari lako mkononi.